Profoma 40 zimekaa kwenye "imetumwa": nitajuaje ipi bado hai?

"Mtaalamu, salaam. Mimi na mume wangu tuna karakana ya milango na madirisha ya alumini hapa Mwanza, tuko watu 7. Mwaka jana tuliacha vitabu vya karatasi tukaanza kutumia programu ya invoisi. Profoma tunazitengeneza humo humo, kisha kijana wetu wa ofisini anazituma, chache kwa imeili, nyingi kwa WhatsApp. Sasa nikifungua orodha naona profoma zaidi ya 40 zimeandikwa 'imetumwa' na sijui ipi bado hai na ipi imeshakufa. Kuna mteja mmoja programu inasema ameifungua profoma mara 7, lakini tukimpigia anasema hajapata nafasi ya kuiangalia. Mwingine amerudi baada ya miezi mitatu na profoma ya zamani mkononi, anataka bei ileile wakati alumini imepanda. Tena kijana wetu, ili kazi zionekane, amekuwa akigeuza profoma kuwa invoisi mara tu mteja anapojibu 'sawa' kwenye simu, na ripoti inaonyesha tunadai watu shilingi milioni 60 ambazo najua hazipo. Je, tuhame programu? Au kuna namna ya kuzifuatilia ambayo hatujaijua?"

Dada yangu, nianze na lile la kuhama, kwa sababu ndilo linaloweza kukutoa pesa kesho asubuhi. Msihame, angalau si sasa. Matatizo uliyoyaeleza mtayabeba yalivyo mpaka kwenye programu mpya, na juu yake mtaongeza kazi ya kuhamisha wateja, bei na salio za madeni. Nimefanya kazi na karakana iliyohama mara mbili ndani ya mwaka mmoja, na mara zote mbili orodha ya profoma ilijaa upya kabla miezi miwili haijaisha.

Kinachowasumbua ni kwamba mnaisubiri programu iwaambie jambo ambalo haina njia ya kulijua. Inajua karatasi imetoka. Pengine inajua ukurasa umefunguliwa. Lakini kama mteja pesa anayo, kama mkubwa wake ameshakubali, kama jana fundi mwingine alifika saiti kupima madirisha yale yale, hayo hayaingii kwenye kompyuta mpaka mtu ayaandike.

Tazama hatua zenyewe zilivyo. Programu nyingi za invoisi zinafanana kwa jambo hili. Zoho Invoice huipitisha profoma kwenye rasimu, imetumwa, imefunguliwa, imekubaliwa, imekataliwa, imepitwa na muda, kisha imegeuzwa invoisi. QuickBooks Online ina maneno machache zaidi: inasubiri, imekubaliwa, imekataliwa, imefungwa. Odoo huigeuza profoma kuwa oda ya mauzo mara inapothibitishwa, na Dolibarr huuliza imesainiwa au haikusainiwa. Majina yanatofautiana, lakini kwa kila hatua jiulize swali moja: nani anayeisukuma profoma kuingia hapo? Utakuta wasukumaji ni watatu tu. Ni ninyi, au ni mteja, au ni kalenda. Asiposukuma anayehusika, profoma inabaki pale pale ilipo, na hicho ndicho kilichozikuta hizo 40.

"Imetumwa" inasukumwa na ninyi, lakini kwa kitufe cha kutuma kilichomo ndani ya programu. Kijana wako akishusha PDF na kuirusha WhatsApp, programu haina habari. Kwake ile bado ni rasimu, isipokuwa akumbuke kuitia alama kwa mkono kwamba imetumwa. Kwa hiyo kabla hujahangaika na hizo 40, fungua orodha ya rasimu. Nina hakika humo utakuta profoma ambazo mteja anazo kwenye simu yake tangu wiki iliyopita, na hakuna aliyemfuatilia kwa sababu kila mtu anadhani bado zinaandikwa.

"Imefunguliwa" ndiyo inayodanganya watu wengi, kwa hiyo nikae hapo kidogo. Programu inapotuma profoma kwa imeili huweka linki ya peke yake kwa ajili ya profoma ile. Linki ikiguswa, seva inaandika: imefunguliwa, saa fulani. Programu nyingine huongeza kipicha kidogo kisichoonekana ndani ya barua, kikipakuliwa inahesabu kwamba barua imesomwa. Njia zote mbili zinahesabu mlango kufunguliwa, na hazina habari ni nani aliyeingia. Tangu Septemba 2021, simu za Apple zenye kinga ya faragha kwenye programu ya barua hupakua picha za barua zenyewe, hata kama mwenye simu amelala. Makampuni na taasisi nyingi zina mitambo ya usalama inayozigusa linki zote kwenye barua zinazoingia kuona kama zina virusi. Na ukibandika linki kwenye WhatsApp, simu yako wewe mtumaji ndiyo inayokwenda kuchukua kile kipicha cha utangulizi kinachotokea chini ya ujumbe, kwa hiyo "mfunguaji" wa kwanza anaweza kuwa kijana wako mwenyewe.

Sasa mteja wako wa mara 7. Inawezekana kabisa anasema kweli. Watu wengi wanaojenga hawaamui peke yao: profoma inapokelewa na kaka anayesimamia saiti, anaitupa kwenye grupu la familia, dada aliyeko Muscat anaifungua, mjomba wa Dar anaifungua, fundi mkuu anaombwa atoe maoni naye anaifungua. Hapo una mara 7, na yule unayempigia hajaigusa. Dalili hiyo isome hivi: profoma inatembea. Basi. Swali linalofuata si kumuuliza kwa nini hajibu. Muulize kwa upole nani mwingine mnapaswa kumweleza.

Na tafadhali, msimpigie mtu dakika ile ile programu inapoonyesha amefungua. Nilipokuwa mhasibu wa karakana moja ya samani kule Keko, Dar es Salaam, tulifanya hivyo, tukidhani ndiyo huduma ya haraka. Mteja wa meza za ofisi alipokea simu huku profoma ikiwa wazi mbele yake, akauliza tumejuaje. Tulipomweleza alinyamaza, akasema atatupigia. Hakupiga. Mtu akihisi anachunguliwa, bei nzuri haimrudishi. Subirini mpaka kesho yake, mpige kwa sababu nyingine ya kweli, kwa mfano kuuliza kama vipimo vimebadilika.

Hatua za "imekubaliwa" na "imekataliwa" zinamtegemea mteja abonyeze kitufe. Waliozitengeneza programu hizi waliwaza mnunuzi anayekaa mezani, anayejibu barua kwa barua. Mteja wako atajibu "sawa" kwa sauti ya WhatsApp, au atakuja mwenyewe na pesa. Na kuhusu kukataa, wewe na mimi tunajua: kwetu mtu hakatai usoni. Atasema "nitakucheki", "tuko pamoja", "nipe wiki hii mambo yakae sawa". Anakulindia heshima. Ukingoja abonyeze "nimekataa" utangoja sana. Kwa hiyo kwenye karakana yenu hatua hizo mbili lazima zisukumwe na mtu wenu, baada ya mazungumzo, na aandike alichosikia.

Kalenda ndiye msukumaji wa tatu. Inaweza kuzifunga profoma zilizozeeka yenyewe, lakini ni pale tu mlipojaza tarehe ya mwisho wa bei. Mkiacha nafasi ile wazi, profoma haizeeki. Hapo ndipo palipozaa rundo lako, na hapo hapo ndipo alipotokea mteja wako wa miezi mitatu.

Nini kifanyike? Kila profoma iliyotoka iwe na vitu vitatu ambavyo programu haivijazi: jina la mmoja wenu anayeibeba, neno la mwisho alilosema mteja pamoja na tarehe yake, na tarehe ya kuzungumza tena. Hicho cha tatu ndicho uti wa mgongo. Profoma isiyo na tarehe ya mbele ni profoma iliyokufa ambayo haijazikwa. Programu nyingi zina sehemu ya maelezo ya ndani ambayo mteja haioni, na nyingine zinaruhusu kuongeza visanduku vyenu wenyewe. Kama yenu hairuhusu, chukua Excel au hata kaunta buku, weka namba ya profoma, mteja, kiasi, mbebaji, neno la mwisho, tarehe ya kurudi. Usione aibu kuweka daftari pembeni ya programu. Kwa profoma 30 au 40 kwa mwezi, daftari linaloangaliwa kila asubuhi linashinda mfumo wa gharama unaofunguliwa siku ya kuandaa ripoti.

Kisha kila asubuhi kijana wako asianze na orodha nzima. Aanze na zile ambazo tarehe yake ya kurudi ni leo. Zitakuwa 3 au 4. Apige, aandike, aweke tarehe mpya au aifunge. Wewe au mume wako kaeni naye nusu saa kila Jumatatu mpitie zile kubwa tu.

Kuhusu namna ya kuuliza, nakupa sentensi niliyoitumia kwa miaka na ambayo huwapa watu njia ya kusema ukweli bila kuona haya: "Kaka, ile kazi ya madirisha bado ipo kwenye mipango, au niifunge kwangu kwa sasa nisije nikawa nakusumbua? Ukiwa tayari tutapima upya." Utashangaa wangapi wataguna, washukuru, na kukwambia kwamba kazi ilishakwenda kwa mwingine. Mwulize hapo hapo, bila kinyongo, kilichomvuta ni bei, muda au aina ya kioo. Andika jibu. Jibu hilo lina thamani kuliko rangi zote za programu.

Jambo jingine ambalo programu haitenganishi na wewe inabidi ulitenganishe: si kila anayeomba profoma ananunua. Kuna mwenye nyumba iliyofika lenta anayetaka kujua ajipange vipi. Huyo ananunua baada ya miezi 6, na kumpigia kila wiki ni kumchosha. Kuna anayepeleka profoma benki au kwenye saccos kuombea mkopo. Huyo anaisubiri kamati. Na kuna ofisi inayohitaji profoma tatu kwa mujibu wa taratibu zake, na mshindi ameshajulikana. Yenu imeombwa kukamilisha idadi. Sikatazi kuwapa hao wa mwisho, kwa maana leo umekamilisha idadi, mwakani unaweza kuwa mshindi. Lakini usiwatumie siku nzima ya fundi kupima saiti. Uliza mwanzoni kabisa, kabla hujafungua kompyuta: "Hii ni ya kununua sasa, ya bajeti, au inaenda kwenye kamati?" Andika jibu kwenye profoma yenyewe upande wa maelezo ya ndani. Kazi za serikali ziwekeni kando kabisa, kwa kuwa huko ushindani na majibu hupita ndani ya NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao uliochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023, na hatua za programu yenu hazitakuwa na la kuwaambia.

Sasa tarehe ya mwisho wa bei. Watu huandika siku 30 kwa sababu kiolezo cha programu kilikuja na siku 30. Wewe angalia upande wa pili: muuzaji wako wa alumini na vioo anakushikia bei kwa muda gani? Kama anakushikia siku 7, ukimpa mteja siku 30 wewe ndiye uliyebeba mzigo wa siku 23 bila kulipwa chochote. Kwa kazi yenu, ambapo mali inatoka nje na bei yake inafuata dola, mimi ningeandika siku 10 au 14 na kuweka mstari mmoja chini: "Baada ya tarehe hii bei itathibitishwa upya kulingana na gharama ya mali." Kazi ya ufundi peke yake mnaweza kuishikia bei muda mrefu zaidi, kwa hiyo kwenye kazi kubwa tenganisheni mistari ya mali na mistari ya ufundi. Mteja ataona wazi kilichopanda ni nini, na hatadhani mmemgeuka. Pia andikeni kama bei ina VAT ndani yake au haina. Neno hilo moja likikosekana, ugomvi unazaliwa siku ya kulipa.

Hilo linatuleta kwenye sheria, kwa kifupi. Profoma yenye bidhaa, kiasi na bei kwa kawaida huweza kuhesabiwa kuwa pendekezo la mkataba. Kwa Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, pendekezo lililowekewa muda hufa muda huo ukipita bila kukubaliwa. Lisilowekewa muda nalo hufa, ila baada ya "muda wa kuridhisha", na muda wa kuridhisha ni kitu cha kubishaniwa. Kukubali nako lazima kuwe kamili. Mteja aliyejibu "sawa, lakini punguza laki mbili" hajakubali. Ametoa pendekezo lake. Kwenye orodha yenu huyo yuko kwenye mazungumzo, na kijana wako hana ruhusa ya kumsogeza mbele. Tena msidharau "sawa" ya maandishi ya WhatsApp kwa kuwa haina saini ya wino: Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaupa uzito mkataba uliofanyika kwa ujumbe wa kielektroniki. Piga picha ya jibu hilo, iambatishe kwenye profoma.

Mteja akiomba mabadiliko, angalieni sana jinsi mnavyorekebisha. Ukiifungua profoma iliyotumwa na kuihariri, kwenye programu nyingi linki aliyonayo mteja itaanza kuonyesha mpya, wakati PDF iliyoko kwenye simu yake ni ya zamani. Siku ya kulipa kila mmoja ana karatasi yake na zote zina namba moja. Nimewahi kusuluhisha ugomvi wa namna hii: mteja alikuwa ameshalipa advansi kwa hesabu ya toleo la kwanza, lenye madirisha 11, na karakana ilikuwa imeshakata mali ya toleo la tatu, lenye madirisha 14. Wote walikuwa na haki kwa karatasi waliyoshika. Tangu hapo nashauri hivi: nakilini profoma, ipeni namba ile ile pamoja na herufi, 118-A, 118-B, na ile ya zamani ifungwe siku hiyo hiyo kwa maelezo kwamba imebadilishwa na B. Mkiacha zote mbili wazi, orodha yenu itahesabu kazi moja kama mbili.

Nimeacha la invoisi kwa sababu ndilo zito, na hapa nakuomba uwe mkali. Profoma haigusi hesabu. Ukiandika profoma za bilioni, daftari la mapato linabaki vilevile. Lakini dakika unapoigeuza invoisi, programu inaandika mambo mawili kwa pamoja: mapato yameongezeka, na mteja anadaiwa. Kama mmeunganisha stoo, inaweza pia kupunguza mali ambayo bado iko kwenye kona ya karakana. Hizo milioni 60 zilizaliwa hivyo. Kijana wako hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anatafuta mahali pa kuonyesha kwamba "huyu amekubali", na programu ilimpa mlango mmoja uliokuwa wazi. Mpe mlango wake: hatua ya "imekubaliwa". Kama programu ina oda ya mauzo, itumieni hiyo, kwa sababu inashika kazi iliyokubaliwa bila kugusa mapato.

Kanuni ya karakana yenu iwe hii: "sawa" ya mdomo kwenye simu ni mazungumzo; LPO (hati ya mteja ya kuagiza kazi) iliyosainiwa, au advansi iliyoingia, ndiyo kukubali. Na advansi ikiingia toeni invoisi ya advansi hiyo tu, inayorejea namba ya profoma, halafu iliyobaki itolewe mkikabidhi. Baadhi ya programu, QuickBooks Online na Odoo zikiwemo, zinaweza kugawa profoma moja kwenye invoisi kadhaa na kuonyesha kiasi kilichobaki. Kama yenu haiwezi, andikeni salio kwa mkono kwenye maelezo.

Kusafisha zilizokwisha kuharibika: msifute. Ukifuta, namba zinaruka, na siku mkaguzi akiuliza invoisi ya 73 iko wapi hamtakuwa na jibu. Zigaweni mafungu mawili. Zile ambazo hakuna pesa iliyoingia na hakuna risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) iliyotoka, zibatilisheni ndani ya programu kwa kuandika sababu, kisha rudisheni profoma zake kwenye hatua yake ya kweli. Zile ambazo risiti ya EFD imeshatoka, acheni kugusa. Chukua orodha hiyo, nenda kwa mhasibu ana kwa ana, na yeye akusaidie kuandaa hati za kupunguza deni na kuzungumza na ofisi ya TRA pale inapobidi. Hapo usitegemee ushauri wa kusoma, wangu ukiwemo, kwa sababu inategemea kama mmesajiliwa VAT, mwezi gani risiti ilitoka na kama ritani imeshapelekwa. Ritani ya VAT hutakiwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, kwa hiyo usiiache ikalala. Muulize pia kuhusu advansi: kwa aliyesajiliwa, kupokea pesa kabla ya kazi kunaweza kuleta wajibu wa VAT hapo hapo, hata kama dirisha bado halijakatwa.

Mkishakaa kwa utaratibu huu miezi mitatu hivi, mtaanza kuwa na takwimu, na takwimu za profoma zina mtego. Tuseme mwezi mmoja mmetoa profoma 25: 8 zikawa kazi, 5 wakakataa, 12 kimya. Ukigawa 8 kwa 25 unapata asilimia 32. Ukizitupa zile za kimya ukagawa 8 kwa 13 unapata karibu asilimia 62, na moyo unafurahi. Tumia ya kwanza. Kimya kilichopita tarehe ya bei ni hapana, mpaka mteja mwenyewe atakapokisemea. Wala usipime profoma za wiki iliyopita; pima za mwezi ambao tarehe zake zote za bei zimeshapita, ndipo utalinganisha mwezi na mwezi. Halafu pima kwa shilingi pia. Kama hizo 25 zilikuwa na thamani ya milioni 90 na zile 8 ni milioni 18, mmeshinda asilimia 20 tu ya pesa iliyokuwa mezani. Maana yake mnapata madirisha ya chumba kimoja kimoja na mnapoteza nyumba nzima nzima. Hilo ni jambo la kukaa na mume wako mkalitazama: ni bei ya kazi kubwa, ni muda mnaoomba, au ni kwamba kwenye kazi kubwa hamfuatilii mpaka mwisho?

Lini basi mfikirie mfumo mwingine? Profoma zikizidi 100 kwa mwezi, au wauzaji wakifika watatu na kuanza kupigia mteja mmoja kila mtu kwa wakati wake, au mkianza kazi za miezi mingi zenye malipo ya awamu. Hapo mfumo wenye ubao wa mauzo, wa aina ya Odoo, utarudisha gharama yake. Lakini uchagueni mkiwa na daftari la miezi 6 mkononi, mkijua mnataka uwafanyie nini, na mumwombe anayewauzia awaonyeshe kwa profoma zenu wenyewe, si kwa mifano yake.

Kwa wiki hii: kijana wako azipitie zile 40 na rasimu zote. Ambazo zina zaidi ya siku 60 bila neno lolote, azitumie ule ujumbe wa "niifunge?" na baada ya siku 5 bila jibu azifunge. Nadhani utabaki na 12 au 15, na hizo ndizo kazi zako halisi.

Na yule wa miezi mitatu, mpigie wewe mwenyewe, usimwachie kijana. Usimwambie profoma yake imekufa. Mwambie unafurahi amerudi, ufundi unamwachia kwa bei ile ile ya zamani, na mali utaipigia hesabu ya leo. Kisha mwonyeshe profoma ya muuzaji wako ya wakati ule na ya sasa, aone mwenyewe tofauti. Akikubali, mtumie mpya yenye herufi B na tarehe ya siku 10, na siku hiyo hiyo uifunge ile aliyoishika.